Shajara ya mradi: harusi imefungwa kwa nani? (kutafuta maneno ya vimelea)

Wiki ya 1, Jumatatu

Haya, nimeanza rasmi. Kwa mnaoingia sasa hivi, mimi nafundisha maabara kwenye chuo kidogo cha afya huku kanda ya ziwa, na mradi wenyewe ni kijitabu cha mfukoni pamoja na mabango manne ya ukutani, vyote kwa Kiswahili, vya kuelezea dhana za msingi za elimu ya vimelea. Walengwa ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Hawa wanafunzi mzunguko wa kichocho wameukariri kwa Kiingereza kama ngonjera, ila mwambie amweleze bibi yake nyumbani, anakwama hapohapo mlangoni.

Kazi ya leo ilikuwa rahisi, au nilidhani rahisi. Nimechora safu mbili kwenye daftari, kushoto jina la ugonjwa, kulia jina la kiumbe anayeuleta. Kushoto nikajaza mpaka raha: kichocho, matende, mabusha, malale, usubi, safura, upele, malaria, ndigana kali. Kulia sasa... tegu lipo, mchango upo (ila mchango nao kila mtu na wake), kupe, chawa, kiroboto, kunguni, papasi, tekenya. Baada ya hapo kimya. Mnyoo anayeleta kichocho hana jina. Wa matende hana jina. Yule wa kwenye damu ya malaria ndo kabisa, ni "mdudu wa malaria" na mbu naye ni mdudu wa malaria, yaani hao wawili tumewapa jina moja halafu tunashangaa watu wakichanganya.

Ukiangalia vizuri, wenye majina ni wale wanaoonekana kwa macho na wanaowasha. Babu zetu walitaja walichokiona, na ugonjwa waliuona sana. Kwa hiyo nusu ya mradi huu ni kuwapa majina watu ambao hatujawahi kuonana nao uso kwa uso.

Wiki ya 1, Alhamisi

Neno "kimelea" lenyewe. Nalipenda hili neno, linatokana na kumea, ukisema kitu kinamelea maana yake kinaota juu ya kingine, kama ule mmea unaoota juu ya mwembe na kunywa maji ya mwembe. Sawa kabisa na maana ya kitaalamu: kiumbe kinachoishi juu ya kiumbe kingine au ndani yake, kinapata chakula na makazi pale, na mwenzake anapata hasara.

Tatizo ni kwamba redioni na kwenye matangazo ya afya utasikia "vimelea vya kipindupindu", "vimelea vya kifua kikuu", "vimelea vya UKIMWI". Neno limepanuka likachukua bakteria na virusi wote. Kwa maana pana hawajakosea, bakteria wa kipindupindu naye anakula kwa mwenzie. Ila kwenye somo letu kwa desturi tunashughulika na makundi matatu tu: protozoa (wale wa seli moja, mfano wa malaria, amiba, malale), minyoo, na arithropodi kama kupe, chawa na utitiri wa upele. Nimeandika hivyo ukurasa wa kwanza kabisa na nimeweka mstari chini, maana nisipoweka mwanafunzi atakuja kuniuliza virusi vya homa ya ini viko kundi gani kati ya hayo matatu. Ameshauliza mmoja.

Halafu vya nje na vya ndani. Hii haina shida, chawa ni kimelea cha nje, tegu ni cha ndani. Mtu akauliza tekenya je? Jike la tekenya linajichimbia kwenye ngozi ya kidole gumba linabaki na kitako nje, limekaa mlangoni. Vitabu vinamweka nje kwa sababu bado anapumua kupitia kile kitundu. Nimempa mistari miwili, tusonge.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimekwama kwenye "mwenyeji" siku mbili nzima.

Mwenyeji ni yule anayemhifadhi kimelea. Kwa Kiswahili mwenyeji ni mtu mwenye mahali pake anayepokea wageni, na hapo utani ukaanza darasani. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akasema mwalimu, si wanasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sasa huyu mnyoo wa kichocho anakaa miaka mingapi bila jembe? Nikamjibu kwa kawaida miaka mitatu mpaka kumi, na kuna waliokutwa wameishi zaidi ya thelathini kwa watu waliohama kabisa maeneo yenye kichocho. Darasa zima likaguna. Kwa hiyo neno linafanya kazi, mtu akisikia "mwenyeji" anapata picha ya nyumba, mgeni, na gharama ya kumlisha. Nimelipitisha.

Kasheshe ni aina za wenyeji. Kitaalamu kuna mwenyeji wa mwisho, yaani yule ambaye ndani yake kimelea kinafikia utu uzima na kuzaliana kwa jinsia, dume na jike. Na kuna mwenyeji wa kati, ambaye ndani yake kimelea kinakua, au kinajigawa na kuongezeka, ila bila mambo ya dume na jike. Sasa "wa mwisho" kwa mtu wa kawaida ni yule aliyeko mwisho wa foleni. Nilimjaribu mzee mmoja mvuvi hapa mwaloni, nikamwamkia shikamoo, tukapiga stori za dagaa, halafu nikamchorea kwenye mchanga: mtu, ziwa, konokono, mtu. Nikamwambia mzee wangu, hapa mwenyeji wa mwisho ni mtu. Akasema "kwa hiyo ikifika kwetu inaishia." Ndo hatari yenyewe hiyo! Haiishii popote, mtu ndiye anarudisha mayai ziwani.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikafikiria "mwenyeji mkuu", nikafikiria "mwenyeji wa ukomavu", ya pili inasikika kama mtihani wa darasa la saba.

Wiki ya 2, Ijumaa

Nimepata! Au tuseme tumepata, maana wazo ni la dada anayesimamia stoo ya maabara, wala hakusomea haya mambo. Nilikuwa namwelezea tofauti, akasema "kumbe ni kuuliza tu harusi imefungwa kwa nani."

Yaani basi. Harusi imefungwa kwa nani, huyo ndiye mwenyeji wa mwisho. Kwenye kijitabu nimeacha jina rasmi, ila kila mchoro una pete mbili ndogo pale harusi inapofungwa.

Kwa kichocho inakaa vizuri kupita kiasi, kwa sababu wale minyoo wameoana kweli kweli. Dume ana mfereji kwenye mwili wake kama ganda la karanga lililofunguka upande mmoja, jike mwembamba analala humo ndani, wanaishi hivyohivyo kwenye mishipa ya damu ya binadamu wakitaga mayai. Wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, wanakaa kwenye mishipa ya utumbo. Wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, wanakaa kwenye mishipa ya kibofu, ndo maana mtu anakojoa damu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewakuta hao wanandoa mwaka 1851 akifanya kazi Cairo, alipokuwa anapasua maiti, na ndo maana wazee wa hospitali mpaka leo wanasema bilhazia.

Tegu sasa. Darasa likauliza tegu anafunga harusi na nani wakati mara nyingi yupo peke yake tumboni? Jibu ni kwamba kila kipande cha tegu aliyekomaa kina viungo vya kiume na vya kike, kwa hiyo anajioa mwenyewe. Kelele zilizopigwa pale, mkuu wa chuo alikuja kuangalia kuna nini.

Wiki ya 3, Jumatano

Leo aibu. Nilipeleka bango la malaria kuchapa nakala 30 kwa hela yangu ya mfukoni, zikaja zinang'aa, nikabandika moja ukumbini. Mwenzangu mmoja wa mambo ya mifugo alipita, akasimama, akaangalia muda mrefu, akaniambia kwa upole "mwalimu, pete umeziweka kwa nani?"

Nilikuwa nimeziweka kwa mtu. Mazoea tu, mkono umezoea mtu kuwa wa mwisho. Kumbe kwenye malaria harusi haifungwi kwetu. Ndani ya mwili wetu kimelea kinajigawa tu kwenye ini, kinajigawa tu kwenye seli nyekundu, kinatengeneza bwana harusi na bibi harusi watarajiwa, lakini hao wanakaa kusubiri wanyonywe na mbu. Wakifika tumboni mwa mbu jike aina ya anofelesi ndo wanaungana. Kwa hiyo mwenyeji wa mwisho wa malaria ni mbu, binadamu ni wa kati. Mimi ndiye niliyetunga kanuni ya harusi na mimi ndiye wa kwanza kuivunja, kwa gharama ya nakala 30.

Huyo wa mifugo akaniongezea kwamba kwa ndigana kali ya ng'ombe ni hivyohivyo, harusi inafungwa ndani ya kupe, ng'ombe ni wa kati. Nimekata pete kwenye karatasi nyeupe nazibandika juu ya mbu moja moja kwa gundi. Nakala 30. Nimefika ya 11.

Wakati nabandika nikakumbuka historia ya hili jambo, maana watu hawakulijua kirahisi. Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliona kimelea chenyewe kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, ila kinafikaje kwa mtu mwingine haikujulikana. Ross, daktari Mwingereza, akiwa India Agosti 1897 ndo akakiona ndani ya ukuta wa tumbo la mbu. Miaka 17 katikati hapo watu wanabishana kama ni hewa mbaya au maji. Jina malaria lenyewe maana yake ni hewa mbaya, kwa Kiitaliano.

Wiki ya 3, Jumamosi

Neno "vekta". Sitaki.

Sababu: wanafunzi wote wamekutana na vekta kwenye hesabu kidato cha nne, mshale wenye urefu na mwelekeo, nikitaja vekta wa malale naona macho yanatafuta mshale. Nimetumia "kieneza" kwa muda, japo mhariri wangu (mke wangu) anasema kinasikika kama kifaa cha kupaka siagi. Tuendelee nacho hivyo hivyo.

Kilicho muhimu zaidi ya jina ni kwamba vieneza viko vya namna mbili. Kuna anayebeba tu, kama nzi anayetua chooni halafu anatua kwenye chapati yako, mayai au vijidudu vimeganda miguuni, yeye ni bodaboda tu. Na kuna yule ambaye kimelea lazima kikae ndani yake kikue au kibadilike kwanza ndipo kiweze kuambukiza. Mbung'o akinyonya mnyama mwenye malale leo, kwa kawaida hawezi kukuambukiza kesho, inachukua kama wiki tatu hivi mpaka vimelea vifike kwenye mate yake. Huyo sio bodaboda, huyo ni gesti.

Wiki ya 4, Jumatatu

Siku ya konokono. Nimependa leo kuliko siku zote za mradi.

Tulienda asubuhi na mabuti na vichujio vya nyavu vyenye mpini mrefu, tukachota kwenye majani ya ukingoni. Glavu lazima, maana maji yenyewe ndo yenye ugonjwa. Tulipata wa aina mbili za kutosha. Wale bapa waliojikunja kama kamba iliyowekwa chini, hao ni Biomphalaria, wenyeji wa kichocho cha tumbo. Wengine wana kilele. Kutambua mwenye kilele unamshika kilele juu, mdomo wa gamba ukutazame: ukiwa upande wa kushoto unaelekea kuwa Bulinus wa kichocho cha mkojo, ukiwa kulia ni wengine kabisa, kama Lymnaea anayeleta minyoo ya ini ya ng'ombe na kondoo. Huku kwetu ukingoni mwa ziwa unapata zaidi wale bapa, ukienda bara kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe ndo unakuta Bulinus, na watoto wa huko ndo wanakojoa damu. Ugonjwa wa jina moja, ramani mbili.

Tukawaweka mmoja mmoja kwenye vikopo vya kioo vyenye maji safi, tukaviweka dirishani jua liwapige. Hii ndo siri, vimelea vya kichocho vya binadamu vinatoka kwenye konokono kukiwa na mwanga, mchana mchana, muda ambao watu nao wako majini. Baada ya saa moja na nusu hivi binti mmoja akapiga yowe, "mwalimu vinacheza!" Ukiangalia kwa macho tu unaona kama vumbi linaelea. Kwenye maikroskopu unaona kichwa, mkia, na ncha ya mkia imegawanyika mara mbili kama panda ya manati. Mkia huo ndo wa kuangalia. Kuna wengine wanatoka kwenye konokono hao hao mkia haujagawanyika, hao ni wa ndege au wanyama wengine, waache.

Huyu mwenye panda kitaalamu anaitwa sekaria, na yule anayeanguliwa kwenye yai na kwenda kumtafuta konokono anaitwa mirasidia. Nilijaribu kuwatafutia Kiswahili. Nimeishia hivi: mirasidia ni "kitafuta-konokono", sekaria ni "kitafuta-ngozi". Mirefu, najua. Lakini jaribu kumwambia mtu "usioge ziwani saa sita kuna sekaria", halafu jaribu "saa sita vitafuta-ngozi vimetoka". Uone nani atatoka majini.

Jambo lililowakaa wanafunzi rohoni ni hesabu. Kitafuta-konokono kimoja kikiingia kwa konokono kinajigawa humo ndani wiki kadhaa, vinatoka vitafuta-ngozi maelfu. Kimoja maelfu! Na konokono mwenyewe anaumia, mara nyingi hazai tena. Hapo nilimkumbuka mzee wa mwaloni aliyeniuliza wiki ile "mwalimu, sasa huyo konokono anauma?" Hapana mzee, hana meno ya kukuuma wala sumu, yeye na wewe mko upande mmoja, wote mnalisha mgeni.

Wiki ya 4, Alhamisi

Leo maneno matatu ambayo mtaani ni kitu kimoja: kuwa na vimelea, kuumwa, na kuonekana kwenye kipimo.

Kipindi cha kuatamia ni kutoka kimelea kinaingia mpaka dalili zinaanza. Halafu kuna kingine, kutoka kinaingia mpaka mayai au vimelea vinaanza kuonekana kwenye kipimo, hicho nimekiita kipindi cha ukimya. Kwa kichocho cha tumbo ukimya ni kama wiki tano sita, sababu kile kilichopita kwenye ngozi kinasafiri kwanza mapafuni, kinafika kwenye ini, kinakua, kinaoa, ndo kutaga kunaanza. Kwa hiyo mtoto aliyeogelea wiki iliyopita leo ukimpima ni safi kabisa na sio safi. Mbaya zaidi prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, inaua vizuri minyoo mikubwa lakini minyoo michanga inaponyoka. Ndo maana mzazi anakuja juu, "mtoto alimeza dawa shuleni na bado anacho", anadhani dawa ni feki.

Na upande wa pili kuna wageni wasio na madhara. Hapa nina donge langu. Mwaka juzi nilienda kupima kwenye maabara moja ya mtaani sina hata dalili ya maana, nikatoka na karatasi imeandikwa "amiba imeonekana", nikapewa dawa za siku saba zinazofanya mdomo uwe na ladha ya sarafu. Sasa nikiwa mtu wa maabara nikaomba kuangalia slaidi mwenyewe. Nikahesabu vitone vya kiini ndani ya kile kifuko amiba anachojifungia: mmoja, wawili, watatu... nane. Entamoeba histolytica, yule mharibifu, kifuko chake kilichokomaa kina viini vinne. Mwenye nane ni Entamoeba coli, anakaa tumboni anakula mabaki yake, hamgusi mtu. Huyo haitwi kimelea kwa maana kali, ni mlaji-mwenza, anakula mezani kwako bila kukutia hasara. Amiba wa pili, Entamoeba dispar, ndo kiboko, anafanana na mharibifu sura kwa sura, kwenye maikroskopu ya kawaida huwezi kuwatenganisha, na rasmi walitenganishwa mwaka 1993 tu. "Mlaji-mwenza" nimeipa ukurasa mzima. Najua ni hasira yangu ndo imeandika, lakini ukurasa unabaki.

Wiki ya 5, Jumanne

Kipimo cha Kato-Katz, na uzembe wangu.

Kwa ambao hawajui: unachukua kinyesi kidogo, unakikandamiza kwenye wavu mdogo ili makapi yabaki, unakwangua kilichopita unakijaza kwenye tundu la kibati cha plastiki kilichowekwa juu ya slaidi. Tundu hilo linabeba miligramu 41.7. Unanyanyua kibati, kinabaki kidonge cha mviringo kama simu ya zamani ilivyokuwa na kitufe, unafunika na selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, unageuza unakandamiza mpaka kitandazike. Gliserini inafanya kinyesi kiwe angavu, mayai yanabaki. Unahesabu yote, unazidisha kwa 24, umepata mayai kwa gramu.

Tuliandaa slaidi za mafunzo asubuhi, tukazifunika, nikasema twende kwanza tukale. Mama lishe alichelewesha ugali. Tukarudi saa mbili baadaye tukahesabu mayai ya safura, tukapata sifuri, sifuri, sifuri, wanafunzi wamefurahi eti jamii imepona. Haijapona. Yai la safura lina ganda jembamba na gliserini inaliangavisha nalo mpaka linapotea machoni, ukipita nusu saa mpaka saa moja humwoni tena. Ya kichocho yanavumilia, ganda gumu na mwiba ubavuni. Kwa hiyo sifuri yetu ilikuwa ya ugali. Nimeiandika kwenye kijitabu hivyo hivyo: "soma safura kabla ya chakula".

Mchana tukafanya zoezi la ukali wa maambukizi, na hili nalo ni dhana watu wanairuka. Kuna kujua ni wangapi wanao (hicho ni kiwango cha maambukizi), na kuna kujua kila mmoja anao mzigo kiasi gani. Kwa kichocho cha tumbo mayai chini ya 100 kwa gramu ni mzigo mwepesi, 100 mpaka 399 wa kati, 400 kwenda juu mzito. Sasa piga hesabu: mayai 16 kwenye slaidi mara 24 ni 384, wa kati. Mayai 17 ni 408, mzito. Yai moja! Ukipiga chafya ukaruka yai moja umemhamisha mtu daraja. Ndo maana wanasoma slaidi mbili na wasomaji wawili.

Na mizigo hii haigawanywi sawa hata kidogo. Katika slaidi zetu nyingi zilikuwa tupu au zina mayai mawili matatu, halafu moja tukahesabu mpaka tukachoka. Ndivyo minyoo ilivyo karibu kila mahali, watu wachache wanabeba sehemu kubwa ya minyoo yote ya kijiji. Mwanafunzi mmoja akasema kama hela tu. Nikakumbuka zamani za Azimio la Arusha wanyonyaji waliitwa kupe, wenye mirija, na hapa mambo yamepinduka, mwenye navyo vingi ndiye anayenyonywa.

Wiki ya 6, Jumatatu

Tegu la nguruwe limenichukua mchoro wa nne wote na sijutii.

Nilimuuliza kila niliyekutana naye, mtu anapataje vifuko vya tegu kwenye ubongo, vile vinavyoleta kifafa? Wote: kwa kula kitimoto ambayo haijaiva. Hapana! Ukila nyama yenye vile vifuko vyeupe kama punje, unapata tegu zima tumboni, unakuwa mwenyeji wa mwisho (pete kwako). Daktari Küchenmeister wa Ujerumani alilithibitisha hilo mwaka 1855 kwa njia ambayo leo angefungwa, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa nyama yenye vifuko bila mwenyewe kujua, na baada ya kunyongwa akayakuta mategu machanga kwenye utumbo wake. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza MAYAI ya tegu, na mayai yanatoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu. Hapo umekaa nafasi ya nguruwe, umekuwa mwenyeji wa kati kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto maishani, anayekula mboga iliyooshwa na maji machafu au chakula cha mpishi mwenye tegu asiyenawa, anaweza kupata kifafa cha tegu la nguruwe. Mwanafunzi mmoja Mwislamu alikaa kimya kidogo halafu akasema "basi kunawa ndo kila kitu hapo." Nikampa chaki akachore yeye.

Wiki ya 6, Ijumaa

Nimerudi mwaloni na bango la kichocho, limekaa vizuri, pete kwa mtu, mshale kutoka kwa mtu kwenda majini nimeuchora mnene kuliko yote. Mzee yule yule. Akaangalia, akafuata mshale kwa kidole, akasema wabeja (asante kwa Kisukuma) mwalimu, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na neno lake: "Tukiacha wote kujisaidia ziwani, na tukameza dawa wote, hakuna mwingine anayemhifadhi huyu?"

Yaani ameuliza mwenyeji wa akiba bila kujua. Yule mnyama anayekaa na kimelea pembeni wakati nyie mnajitibu, halafu kinarudi. Malale wa huku Afrika Mashariki anao, ng'ombe na wanyama pori kama pongo wanamhifadhi, ndo maana huwezi kumaliza malale kwa kutibu watu tu. Kwa kichocho cha tumbo nikamwambia mzee, nyani wa Gombe kule Ziwa Tanganyika wamekutwa nacho, na panya wa porini nao wanaweza kukipata, lakini anayejaza ziwa letu ni sisi. Akacheka, akasema nyani hawana mitumbwi.

Kwenye kijitabu nilikuwa nimeandika "ghala", lakini ghala ni jengo, halili. Nikamuuliza yeye angemwitaje mtu anayemficha mgeni msumbufu wakati nyumba nyingine zote zimemfukuza. Akafikiria huku anatoa magamba ya samaki, akasema "mficha-mgeni". Nimeandika kwa penseli. Ukurasa wa 19 uko wazi mpaka Jumatano, ndo siku ya kupeleka kuchapa, na safari hii pete zinakaguliwa na yule wa mifugo kabla sijatoa hata shilingi.